Kapita wa Kabare

Ugonjwa wa Papa Jacques Bulonza ulianza na picha moja kwenye simu. Binti yake Joviale ndiye aliyeituma kutoka Ureno, kaskazini kule ambako mto mkubwa unapita kati ya vilima vilivyokatwa ngazi kwa ngazi na kuzungushiwa kuta za mawe, na kila ngazi imepandwa mizabibu. Juu ya kilima ilisimama nyumba. Kuta nyeupe za chokaa, pembe za mawe ya kijivu, paa la vigae vyekundu lililokwisha kupauka kwa jua, kanisa dogo pembeni lenye kengele moja, na barazani vigae vya bluu na nyeupe vilivyochorwa watakatifu, ng'ombe na watu wanaochuma zabibu. Wareno nyumba ya namna hiyo, pamoja na mashamba yake na mapipa yake, wanaiita kinta. Joviale alikuwa ameajiriwa pale baada ya masomo yake ya kilimo, kazi yake kuangalia mvinyo unavyoiva. Alituma picha ili papa yake aone mahali anapofanyia kazi, basi. Hakujua kwamba anamletea homa.

Jacques alikuwa mwalimu wa jiografia wa chuo kikuu, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Nyumba yake ya mtaa wa Nyalukemba, Bukavu, ilikuwa ya kawaida kabisa: matofali, mabati, maua mawili matatu, na ziwa kwa chini. Lakini Joviale alipoandika kwamba Tomé, kijana wa mwenye kinta, anataka kumuoa, na kwamba baba yake Tomé atakuja mwenyewe Bukavu kujulishana na wakwe, homa ilipanda kichwani. Kwa miezi minne sisi wa Nyalukemba tulitazama sinema ya bure. Kuta zikapakwa chokaa. Pembe zikapakwa kijivu ili zifanane na mawe. Fundi Didier akatumwa kutafuta vigae vya bluu, akazunguka soko zima la Kadutu, akarudi na vigae vya bafuni vyenye picha za samaki wanaoruka, navyo vikabandikwa barazani hivyo hivyo. Mke wa Jacques, Maman Carine, alimuuliza mumewe kama sasa wageni watakuwa wanaogea mbele ya mlango. Jacques hakucheka. Alisema hana muda wa kubishana na watu wasiosafiri, yeye ambaye mwisho wa safari zake ulikuwa Bujumbura.

Mambo ya chokaa na samaki tungeyacheka tukayasahau. Ubaya ulikuwa kwenye barua.

Baba yake Tomé, mzee Álvaro, alijua Kifaransa cha shuleni, na kabla ya kuja alimwandikia Jacques kwa heshima sana. Aliuliza habari za ardhi ya familia. Alisema watu wa shamba wanajuana kwa ardhi yao, naye angependa kujua binti huyu anatoka kwenye udongo gani. Jacques alikaa mbele ya kompyuta usiku mbili. Akajibu kurasa nne. Akaeleza shamba lake kubwa la Kabare, migomba yake, kahawa yake, mahali pake pa kukamulia ndizi, na kapita wake mwaminifu anayesimamia kila kitu yeye akiwa na kazi za chuo.

Kilima kilikuwepo, hapo hakudanganya. Migomba ilikuwepo na kahawa ilikuwepo. Lakini kapita! Huyo kapita alikuwa Élie, ndugu yake wa tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka sita, na ndiye ndugu pekee aliyembakia duniani. Baba yao alikufa Jacques akiwa na miaka minane. Élie, wa miaka kumi na minne, aliacha shule, akashika jembe, akakamua ndizi, akauza kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwetu, kando ya barabara ya Kabare mvua na jua. Kwa kasiksi hiyo Jacques alisoma msingi, akasoma sekondari, akasoma chuo kikuu mpaka akapata diploma zile zote alizozitundika sebuleni. Jembe la Kabare yeye mwenyewe alikuwa hajaligusa kwa zaidi ya miaka kumi.

Alimpenda ndugu yake, msidhani vingine. Alimpenda na alimuonea haya, vyote pamoja, na siku zile haya ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Sasa tatizo likaja. Kwetu Bushi, yaani pande hizi za Bukavu na Kabare, siku ya kujulishana na wakwe, baba wa msichana anafunga mdomo wake. Anayesema ni mkubwa wake, baba mkubwa wa msichana. Yeye ndiye anayekaa kwenye kiti cha mbele, anayepokea vinywaji vya wageni, anayesema ndiyo au hapana. Jacques akamfikiria Élie kwenye kiti kile. Akafikiria kucha zake zilizokuwa nyeusi kwa utomvu wa migomba, buti zake za mpira, koti lake la kahawia alilolinunua mwaka ambao Jacques alipata diploma na ambalo tangu hapo hakulibadilisha, na Kifaransa chake cha maneno kumi na tano. Na zaidi ya yote, Élie angefungua mdomo akaanza kuongea migomba yangu, kahawa yangu. Barua ya kurasa nne ingekufa palepale mezani.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anafumba macho. Alimpigia Élie simu akamwambia wageni wameahirisha mpaka Septemba. Akamwambia Joviale kwamba baba yake mkubwa amevimba miguu, hawezi kusafiri. Kisha akaenda kwa mwenzake wa chuo, Jean-de-Dieu, mwalimu wa sheria mwenye tumbo zuri na Kifaransa kinachoteleza, akamwomba awe mkubwa wake kwa siku moja. Jean-de-Dieu alipenda sana kusimama mbele za watu. Aliuliza tu aseme nini. Jacques akamsimulia namna mkubwa mwema anavyomlea mdogo wake.

Wageni, Tomé na baba yake, walivuka mpaka wa mto Ruzizi Ijumaa, mwezi wa saba mwaka ule wa elfu mbili ishirini na tatu, wakalala hotelini, na Jumamosi saa nne wakafika Nyalukemba. Jacques alikuwa amemngojea bwana mkubwa wa suti nyeupe na fimbo. Mzee Álvaro alikuwa mtu mfupi, mikono minene, koti limechakaa kwenye viwiko, na kasha la chupa za mvinyo alilibeba mwenyewe, akakataa kupokewa. Alisimama barazani akavitazama vile vigae kwa muda mrefu. Akasema samaki hao wana furaha. Jacques akashukuru, na kijasho kikaanza kumtoka.

Wakati huohuo pikipiki ikasimama getini. Aliyeshuka alikuwa Élie, vumbi la barabara ya Kabare mpaka kwenye nyusi, koti la kahawia, buti za mpira zimeoshwa, na bidoni mbili za njano zilizojaa kasiksi. Katekista wa parokia yao alikuwa ametoka mjini jana yake na habari kwamba wakwe wa Jacques wamefika. Élie hakuwaza vibaya hata kidogo. Alifikiri wageni wamewahi, Jacques amemtafuta kwenye simu akamkosa kwa sababu ya mtandao. Alikodi pikipiki alfajiri, akaingia akitabasamu, mwenye furaha ya mtu ambaye kidogo tu angechelewa.

"Na huyu bwana?" akauliza mzee Álvaro kwa Kifaransa, akitabasamu naye.

Jacques alikuwa na nafasi ya pumzi moja. Baadaye aliapa mbele ya mke wake kwamba neno ndugu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini lililotoka ni lingine.

"Ni kapita wangu wa Kabare. Ametuletea vinywaji."

Alisema kwa Kifaransa, lakini kapita ni kapita katika lugha zote za kwetu. Élie alisikia. Aliweka bidoni chini, moja, halafu ya pili. Alivua kofia. Akamtazama mdogo wake kuanzia viatu mpaka miwani, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali. Halafu akasema, "Ndiyo, patron. Nizipeleke wapi?"

Patron, yaani bwana wake. Jacques amewahi kufukuzwa kwenye mtihani, amewahi kupigwa na askari barabarani mbele ya wanafunzi wake, lakini hakuna kilichowahi kumuunguza uso namna ile. Alionyesha kwa kidole upande wa jikoni. Ndiyo, kwa kidole. Na mkubwa wake akainama akabeba.

Mlango ukafunguka, Joviale, aliyewatangulia wageni kufika nyumbani, akatoka amevaa vitenge vyake vipya. Alimwona baba yake mkubwa na bidoni mikononi, mzima, miguu haina uvimbe wowote, na uso wake ukafunguka. Alikwisha kunyanyua pindo la kitenge ili apige goti kama tunavyowasalimu wakubwa wetu. Élie akamuwahi. Akainamisha kichwa kidogo, kama mfanyakazi mbele ya binti wa bwana wake, akasema kwa yale maneno yake kumi na tano ya Kifaransa:

"Bonjour, mademoiselle."

Joviale akabaki na goti nusu. Akamtazama Élie, akamtazama papa yake, akaona jasho, akaelewa. Msichana ana akili, na ni akili hiyo iliyomtesa, maana palepale ilibidi achague, na wageni wanamtazama. Akasema bonjour. Akashusha kitenge.

Wakaketi chini ya turubai. Mzee Álvaro aliangaza huku na huku, akauliza kapita yuko wapi. Jacques akasema yuko jikoni, anapumzika. Mzee akasema hapana, kwao siku ya sherehe mkate haukatwi kama msimamizi wa shamba hajakaa mezani, akaenda mwenyewe jikoni akamrudisha Élie ameshikwa mkono, akamkalisha pembeni yake. Maman Carine aliyekuwa akipanga sahani aliona hayo, akaingia ndani, na tangu hapo hakutoka tena. Alisema kichwa kinamuuma.

Jean-de-Dieu akasimama. Jamani, ule mdomo! Alimsimulia mgeni namna baba yao alivyokufa, na namna yeye kama mkubwa alivyokataa mdogo wake apotee. Namna alivyoamka gizani kutafuta riziki. Namna alivyotembea na ndala moja ili mdogo avae viatu vya shule. Kila alichokisema kilikuwa maisha ya Élie, neno kwa neno, kwa sababu Jacques alipomsimulia habari za mkubwa mwema hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Mzee Álvaro akatoa kitambaa akajifuta macho. Watu wakapiga makofi. Élie alikuwa akitazama buti zake. Alisikia makofi, akainua kichwa, akapiga makofi pamoja na watu.

Jacques alitamani ardhi ifunguke. Si maneno tu, alitamani kweli, alitazama majani chini ya miguu yake.

Kisha mzee Álvaro akasema yake. Hakusimama. Alisema amefurahi kuona familia yenye mkubwa wa namna hii, na amefurahi zaidi kukaa karibu na mtu wa shamba. Alisema watu wanaona picha za nyumba yake wanadhani yeye ni mtoto wa mabwana. Babu yake alikuwa msimamizi wa ile nyumba, alitembea pekupeku ndani ya mizabibu ya watu miaka thelathini. Mabwana waliishi mjini, walikuja wakati wa mavuno kulala na kula. Walipochoka na mashamba wakauza, babu akanunua kipande, baba yake akanunua kipande, mpaka nyumba yenyewe. Juu ya geti bado kuna ngao ya mawe ya mabwana wale, na wao hawajaiondoa wala hawajaweka yao. "Ngao hatuna," alisema. "Tuna huyo babu tu, na anatutosha."

Halafu akamgeukia Élie, akamwomba Joviale amfasirie. Alitaka kujua amemfanyia kazi bwana Bulonza kwa miaka mingapi.

 Joviale akauliza kwa sauti ndogo, macho kwenye meza. Élie alifikiri kidogo, mtu wa kweli anayetaka kutoa hesabu ya kweli.

"Umuambie ni miaka makumi ine na tano," akasema. "Tangu papa yake alikufa."

Papa yake, hakusema papa yetu. Jacques alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Watu wote wakamtazama, mzee Álvaro, Tomé, Jean-de-Dieu, na Élie naye akamtazama, na katika macho ya Élie palikuwa bado na mlango wazi. Mtu alihitaji maneno mawili tu, yaya yangu, huyu ni yaya yangu, tunavyowaita wakubwa wetu tangu utotoni. Jacques alifungua mdomo.

"Chakula kiko tayari," akasema.

Vinywaji vikapokewa na Jean-de-Dieu, ndiyo ikasemwa na Jean-de-Dieu, vigelegele vikapigwa. Watu walipopanga mstari wa kuchukua bugali na samaki, kiti cha karibu na mzee Álvaro kilikuwa kitupu. Élie alikuwa ametokea mlango wa nyuma. Alimuaga Maman Carine tu, akamwambia mbuzi hawana mtu wa kuwaingiza. Hakula kitu.

Joviale alimkamata papa yake kwenye korido, chini ya diploma.

"Papa, ule njo alinibeba ku mabega ile mwaka ya vita, toka hapa mpaka Kabare," alisema. "Leo aliniambia bonjour mademoiselle. Na miye nikamujibu, juu ya kukuficha weye."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

Jumapili baada ya misa Jacques alikwenda hotelini peke yake akamwambia mzee Álvaro yote, kuanzia barua mpaka korido. Kikombe chake cha kahawa kikamwagika kwenye kitambaa cha meza.  Mzee hakusema ndoa imevunjika, hakukasirika. Aliuliza tu, "Yule aliyepiga makofi pembeni yangu?" Jacques akaitika kwa kichwa. Mzee akasema angependa kwenda kumsalimu kabla hajaondoka, lakini aende Jacques kwanza.

Akaenda Jumatatu, kwa pikipiki. Miaka mingi alikuwa akifika pale kwa haraka haraka, anachukua mkungu, anachukua kahawa, anarudi mjini. Siku hiyo alisimama chini ya njia akatazama. Nyumba ya Élie ilikuwa juu kabisa ya kilima, kuta zake zimepakwa udongo mweupe kwa ajili ya Pasaka. Migomba ilishuka kwa mistari mpaka kwenye kijito, na Élie kwa mikono yake alikuwa amepanga mawe kuzuia udongo usiteremke, mstari chini ya mstari. Kahawa ilikuwa ikikauka kwenye mikeka. Mahali pa kukamulia ndizi pamefagiwa. Jacques, mwalimu wa jiografia, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote mawe yale yaliwekwa lini.

Élie alimpokea vizuri. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Hakununa wala hakumkimbia, alitoka na kofia mkononi, akaulizia safari, akaulizia Maman Carine kama kichwa kimepoa. Akamletea kiti, siyo kile kigoda cha jikoni walichokikalia tangu utoto, bali kiti cha mgongo, kile cha padri akipita.

Jacques hakukikalia. Alipiga goti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi. "Yaya, nilikukana," alisema. "Mbele ya batu. Nilikuonea haya. Unisamehe."

"Inaisha," alisema Élie. "Simama, utajichafua."

"Yaya."

"Nilisema inaisha. Ikala."

Akakaa. Wakaongea habari za Joviale, tarehe ya harusi, namna mzee yule anavyoonekana mtu mwema. Élie alisema atafurahi kumuona. Sauti yake ilikuwa ya kawaida na Jacques akaanza kupumua, akaanza hata kuamini kwamba kweli imeisha. Élie akaingia ndani akatoka na chupa ya kasiksi na kikombe kimoja.

Lazima mjue jambo hili la kwetu. Watu wa Bushi wanaogopa sumu kuliko risasi. Ukimkaribisha mtu wa nje kinywaji, unaanza kunywa wewe mbele ya macho yake ili moyo wake utulie, halafu ndiyo unampa. Ni adabu, na asiyeifanya anasemwa vibaya. Lakini waliotoka tumbo moja hawafanyiani hivyo. Kwa miaka arobaini na tano, mvua na jua, Élie alimjazia mdogo wake kikombe akampa moja kwa moja, na mara nyingi Jacques alikunywa kabla yake, akacheka, akarudisha kitupu.

Élie alimimina. Akainua kikombe, akanywa funda moja, taratibu, akimtazama Jacques usoni mpaka lilipopita kooni. Akafuta ukingo kwa kiganja. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akamnyoshea.

"Karibu," akasema.

Jacques alipokea kwa mikono miwili. Akasema asante. Alikunywa machozi yakimtoka mpaka ndani ya kikombe, na Élie, kwa heshima, akageuza uso akatazama kahawa yake kwenye mikeka.